Mbwa wako ametokwa na uvimbe ghafla: Ni nini, na ufanye nini?

Huenda ukashangaa kuona safu ya afya na usafi wiki hii inamzungumzia mbwa. Wapo watakaouliza, mbwa ana uhusiano gani na gazeti la Waislamu? Jibu lake ni jepesi. Tazama mitaa yetu. Wangapi miongoni mwetu wana mbwa wa ulinzi nyumbani, shambani, dukani au kwenye zizi la ng'ombe na mbuzi? Ni wengi. Mbwa yuko uani, analala mchangani, watoto wanapita karibu yake, na nguo zetu zinaanikwa hatua chache kutoka kwenye banda lake. Basi akipatwa na maradhi ya ngozi, jambo hilo si lake peke yake, ni la nyumba nzima.

Tatizo letu kubwa ni kwamba, kwa kuwa tunajihadhari na najisi ya mbwa, wengi wetu tunakwenda mbali zaidi: hatumtazami kabisa. Anarushiwa chakula, anafunguliwa usiku, anafungwa asubuhi, basi. Siku anapoonekana amevimba uso, au ana manundu ubavuni, tayari hali imekuwa mbaya. Hapo ndipo mwenye nyumba anapokimbilia oili chafu ya gari au dawa ya kunyunyizia mimea. Matokeo yake mbwa anateseka, mara nyingine anakufa, na ugonjwa unabaki uani.

Katika makala hii tutaeleza, kwa lugha nyepesi, uvimbe unaojitokeza ghafla kwenye ngozi ya mbwa unaweza kuwa nini, upi wa kusubiri, upi wa kukimbilia kwa daktari wa mifugo, na upi unaoweza kuhamia kwa watu wa nyumbani.

MTAZAME KWANZA, USIMTIBU KWANZA

Kosa la mwanzo la wengi ni kuanza na dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kabla hujafanya lolote, mfungishe mbwa mahali penye mwanga, umwombe mtu aliyemzoea amshike, vaa mipira ya mikono, kisha ujiulize maswali haya sita:

1. Uvimbe umeanza lini? Ndani ya saa moja, siku mbili, au wiki kadhaa?

2. Ni mmoja au ni mingi?

3. Uko wapi? Usoni, masikioni, tumboni, miguuni, au shingoni?

4. Je, mbwa anajikuna au anajiramba pale? Au hana habari nao?

5. Ukiutazama kwa karibu, una tundu katikati? Unatoa maji, damu au usaha?

6. Mbwa mwenyewe yukoje? Anakula, anacheza, anabweka kama kawaida? Au amelala tu, anatetemeka, anapumua kwa shida?

Majibu ya maswali haya ndiyo atakayokuuliza daktari wa mifugo. Ukiwa nayo mkononi umemrahisishia kazi nusu nzima. Chukua na kipande cha karatasi uandike tarehe, na ukubwa wa uvimbe kwa rula. Kama una simu yenye kamera, piga picha. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya, karatasi haidanganyi.

UVIMBE WA NDANI YA SAA MOJA: MZIO

Ukimwacha mbwa asubuhi akiwa mzima, na adhuhuri ukamkuta mdomo na kope zimevimba, au mwili mzima una manundu kama umepigwa fimbo ndogo ndogo, jambo la kwanza la kufikiria ni mzio, yaani aleji. Mwili umekutana na kitu usichokipenda na umekijibu kwa haraka.

Visababishi vya kawaida ni kuumwa na nyuki, nyigu au siafu. Mbwa mdogo hupenda kumkimbiza mdudu na kutaka kumdaka kwa mdomo, ndiyo maana mara nyingi huumwa usoni au ndani ya kinywa. Visababishi vingine ni chakula kigeni, dawa mpya, na hata chanjo. Mbwa aliyechanjwa leo akivimba uso saa chache baadaye, rudi kwa aliyemchanja umweleze, ili mara ijayo achukue tahadhari. Hiyo si sababu ya kuacha chanjo.

Kwenye mbwa mwenye manyoya mafupi utaona vishungi vya manyoya vimesimama juu ya kila nundu. Kwa mwenye manyoya mengi huenda usione kitu, lakini ukipitisha mkono utayahisi.

Habari njema ni kwamba uvimbe wa namna hii mara nyingi hutulia wenyewe ndani ya siku moja. Kama ni nyuki na unauona mwiba, ukwangue utoke upesi kwa ukingo wa kadi au kucha, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Mpe maji, mweke kivulini, na umwangalie.

Lakini zipo dalili ambazo ukiziona usingoje hata dakika: anapumua kwa shida au kwa mlio, anatapika mfululizo, anaharisha ghafla, fizi zimepauka, anayumba au ameanguka. Hii ni dharura. Mwili mzima umeshtuka na anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliye karibu mara moja.

KUPE, NA KITU KINACHODHANIWA KUWA KUPE

Uvimbe mwingine unaoonekana ghafla ni kupe aliyeshiba. Jana alikuwa mdogo hujamwona, leo amenyonya damu akawa kama punje ya kunde, ya rangi ya kijivu. Hupenda ndani ya masikio, shingoni, kwapani na katikati ya vidole.

Hapa lazima tuseme jambo moja. Wapo watu wamejaribu kung'oa chuchu ya mbwa wakidhani ni kupe! Mbwa dume naye ana chuchu, ndugu msomaji. Zimejipanga safu mbili tumboni. Kwa hiyo tazama vizuri: kupe ana miguu karibu na ngozi, chuchu haina.

Kupe hutolewa kwa kibano. Mshike karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu moja kwa moja bila kumpasua. Usimchome kwa njiti ya kiberiti, wala usimpake mafuta ya taa. Ukimsumbua anaweza kutapika ndani ya ngozi vijidudu alivyobeba. Baada ya kumtoa, osha pale kwa sabuni. Kivimbe kidogo kinaweza kubaki kwa siku kadhaa, hicho si cha kutisha.

Cha kutisha ni homa inayoletwa na kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vijidudu vinavyoitwa Ehrlichia. Mbwa mwenye ugonjwa huo huwa mnyonge, hukataa chakula, fizi hupauka, na wakati mwingine hutoka damu puani. Ugonjwa huu unatibika ukiwahiwa. Na ujue kwamba kupe huyu hutaga maelfu ya mayai, na hutagia kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda. Ukimsafisha mbwa ukaliacha banda, baada ya muda utarudi pale pale.

JIPU LENYE TUNDU: BUU NDANI YA NGOZI

Sasa tunafika kwenye uvimbe ambao kwa nchi zetu za joto ni wa kawaida sana, na ambao wengi hawaujui. Mbwa anaota vijipu, kimoja, vitano, kumi, hasa tumboni, kwenye miguu, sehemu za siri na chini ya mkia, yaani zile sehemu zinazogusa ardhi anapolala. Kila kijipu kina tundu dogo katikati. Ukitazama kwa utulivu utaona kitu cheupe kinachungulia na kurudi ndani. Huyo ni buu, mtoto wa nzi.

Nzi mwenyewe ana rangi ya manjano iliyokolea udongo. Wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga, na wengine humwita nzi wa embe. Haumi. Anachofanya ni kutaga mayai, kati ya 100 na 300 kwa mara moja, kwenye mchanga wenye kivuli, hasa ule wenye harufu ya mkojo au kinyesi. Baada ya siku 1 hadi 3 mayai yanaanguliwa. Mabuu madogo yanajificha mchangani yakingoja. Mbwa akija kulala, joto la mwili wake linayaamsha, yanapenya ngozi bila yeye kuhisi. Humo ndani yanakaa kama siku 8 hadi 12, yanakua hadi kupita sentimita moja, kisha yanatoka na kudondoka ardhini ili yageuke kuwa nzi. Tundu lile la katikati ni la kupumulia.

Kwa mbwa mkubwa mwenye vijipu vichache, hili ni la maumivu na usumbufu. Kwa watoto wa mbwa ni hatari. Mtoto mmoja anaweza kuwa na makumi ya matundu, akadhoofu na kufa.

Namna ya kuyatoa ni hii. Vaa mipira ya mikono. Punguza manyoya kuzunguka kijipu. Paka mafuta ya mgando kwa wingi juu ya tundu na uache kama nusu saa. Buu akikosa hewa huanza kujisukuma nje. Kisha bonyeza taratibu pande zote mbili za kijipu hadi atoke mzima. Usitumie nguvu ya kumpasua ndani, kwani akipasukia humo huleta uvimbe mkubwa na usaha. Akigoma, rudia mafuta. Baada ya hapo osha kidonda kwa maji na sabuni au dawa ya vidonda. Buu aliyetoka mtie kwenye maji yanayochemka. Ukimtupa mchangani umemsaidia kuwa nzi. Kama vijipu ni vingi, au mbwa ni mchanga, au kuna usaha, mwachie daktari wa mifugo.

Usimchanganye buu huyu na funza wa miguuni, yule anayejichimbia kwenye vidole na nyayo. Funza yule ni aina ya kiroboto. Hakuwa wa Afrika. Alikuja kutoka Amerika, akafika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli, na katika miongo michache akaenea sehemu kubwa ya bara hadi kwetu. Naye humpata mbwa na humpata mtu, hasa mtoto anayetembea peku.

BUU HUYO HUYO ANAKUINGIA NA WEWE

Ndugu msomaji, sababu ya kulieleza jambo hili kwa urefu ni kwamba nzi yule hutaga pia kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au zilizotandazwa chini. Mtu akivaa nguo ile, mabuu yanaingia kwenye ngozi yake. Ndipo unapoona mtoto mchanga ana vijipu makalioni, palipogusa nepi, au mtu mzima ana vijipu kiunoni, palipokaa mpira wa nguo. Wengine wamekunywa dawa za majipu wiki nzima bila nafuu, kumbe ndani kuna kiumbe hai.

Kwa hiyo, mbwa wako akitokwa na vijipu vya namna hii, ichukulie kuwa ni taarifa: nzi yuko uani kwako. Fanya yafuatayo bila kuchelewa:

Anika nguo kwenye kamba, juani, si chini, si juu ya majani, wala kivulini. Nzi huyu hapendi jua kali.

Piga pasi nguo zote pande zote mbili, pamoja na nepi, shuka, taulo, nguo za ndani na mapindo. Joto la pasi linaua mayai na mabuu.

Zoa kinyesi cha mbwa kila siku ukifukie au ukichome. Mahali anapolala pasiwe mchanga wenye mkojo; mtengenezee kichanja cha mbao au sakafu ya saruji inayoweza kuoshwa.

Piga vita panya, kwani nao hubeba mabuu haya.

JIPU LA KUUMWA, NA SWALI LA KICHAA CHA MBWA

Mbwa waliofunguliwa usiku hupigana. Jino hupenya, tundu la nje hufunga haraka, uchafu unabaki ndani. Baada ya siku chache kunatokea uvimbe wenye joto, unauma ukiguswa, na mbwa ana homa. Hilo ni jipu la usaha. Usilikamue. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, dakika kumi mara mbili au tatu kwa siku, kinasaidia, lakini mara nyingi huhitaji kupasuliwa na daktari, kusafishwa, na mbwa kupewa dawa ya kuua bakteria.

Hata hivyo, swali kubwa si jipu. Swali ni: mbwa aliyemuuma ni wa nani, na je, mbwa wako amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Dalili za kichaa huchukua wiki kadhaa hata miezi kujitokeza, na zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa watu hutokana na mbwa. Kama mbwa wako ameumwa na mbwa asiyejulikana, mtoe taarifa kwa ofisi ya mifugo ya eneo lako siku ile ile. Na kama mtu ameumwa, au mate ya mbwa yameingia kwenye mchubuko, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Ugonjwa huu unaweza kuondolewa, na mfano hauko mbali. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa wingi na kichaa kikatoweka kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kwa mbwa walioingizwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikafanywa tena kwa nguvu, na kufikia mwishoni mwa 2018 maambukizi yakakatika. Somo la Pemba ni kwamba chanjo inafanya kazi, na kuizembea kunarudisha maradhi. Wataalamu wanasema angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Mbwa mmoja wa kwako ni sehemu ya hesabu hiyo.

UPELE NA MASHILINGI

Kama vipele ni vidogo vingi, mbwa anajikuna usiku na mchana, manyoya yananyonyoka kwenye kingo za masikio, viwiko na tumboni, na ngozi inakuwa nene yenye magamba, huo huenda ni upele. Unaletwa na kijidudu kisichoonekana vizuri kwa macho, kinachochimba ndani ya ngozi. Mbwa humwambukiza mbwa mwenzake kwa urahisi. Mtu anayemshika anaweza kupata vipele vinavyowasha mikononi na kiunoni, lakini kijidudu cha mbwa hakizaliani kwenye ngozi ya mtu; mbwa akitibiwa, mtu naye kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache.

Mashilingi, ambayo wengine huyaita choa, ni mabaka ya duara yasiyo na manyoya. Haya ni ya kuvu, na humwambukiza mtu, hasa watoto. Paka naye huyabeba, tena bila kuonesha dalili. Kwa hiyo mtoto akiwa na mashilingi kichwani, tazama na wanyama wa nyumbani.

UVIMBE USIOONDOKA

Si kila uvimbe ni wa wadudu. Mbwa mzee anaweza kuwa na tonge laini la mafuta chini ya ngozi, lisilouma. Mbwa mwenye umri chini ya miaka mitatu anaweza kuota kifungo chekundu kilicho laini kwa nje, kikaondoka chenyewe baada ya miezi miwili au mitatu. Lakini zipo pia saratani za ngozi, na mojawapo ina hila: huvimba leo, kesho hupungua, mwenye mbwa akasema amepona.

Aidha upo uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana, unaoonekana sana kwa mbwa wanaozurura. Ni nyama nyekundu iliyochanuka kwenye sehemu za siri, yenye kutoa damu, na wakati mwingine huota puani kwa sababu ya kunusana. Huu ni saratani inayohama kutoka mbwa hadi mbwa, haumwambukizi binadamu. Wengi huwaua mbwa wao kwa ajili yake, ilhali sindano za daktari kwa wiki kadhaa huponya walio wengi.

Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni hii: uvimbe uliofikia sentimita moja na umekaa mwezi mmoja, au unaokua, unaotoa damu, au uliobadilika rangi, upelekwe kwa daktari. Kipimo cha kuchoma sindano nyembamba na kutazama kwa hadubini ni cha dakika chache, na ndicho kinachotofautisha mafuta na saratani. Kwa macho na vidole peke yake hata daktari anaweza kukosea.

DAWA ZINAZOUA BADALA YA KUPONYA

Oili chafu ya gari. Hii imezoeleka sana mitaani kwa upele. Ina sumu inayopenya ngozi, na mbwa anaporamba mwili inaingia tumboni.

Dawa ya mimea au ya kuogeshea ng'ombe. Vipimo vyake si vya mbwa. Wengi hutetemeka, hutokwa povu na kufa.

Sindano ya ivermektini ya ng'ombe. Ni dawa nzuri mikononi mwa mtaalamu, lakini ukikosea kipimo inaumiza ubongo, na zipo koo za mbwa zisizoihimili kabisa.

Paracetamol, diclofenac na ibuprofen za watu. Usimpe mbwa. Huharibu ini, figo na tumbo lake.

Na hili lisikilizwe na kila mwenye paka: dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permetrini. Mbwa huihimili, paka humuua. Usimpake paka dawa ya mbwa hata tone moja, na ukimpaka mbwa, mtenge na paka hadi ikauke kabisa.

Siku hizi vipo vidonge vya kutafuna vya jamii ya isoksazolini, vinavyoua kupe, viroboto na vijidudu vya upele kwa mwezi mmoja au zaidi. Bei yake si ndogo, na kwa mbwa mwenye kifafa havifai bila ushauri wa daktari. Uliza kabla ya kununua.

TOHARA ISIWE KISINGIZIO

Wapo wanaosema, "Mimi siwezi kumshika mbwa, nitajinajisi." Ni kweli kwamba sisi wa mwambao, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, tunahesabu mate na umajimaji wa mbwa kuwa najisi nzito, na chombo au mwili uliopatwa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini najisi ni jambo linaloondolewa kwa maji na udongo. Haikuharamishwa kumtibu mnyama. Aidha, mafakihi wetu wameeleza kuwa kikavu kikigusa kikavu najisi haihami.

Basi jipange. Weka nguo moja ya kazi hiyo, mipira ya mikono, na ndoo ya mbwa isiyochanganywa na vyombo vya nyumbani. Weka kopo la udongo safi mkavu, usiuchote pale anapolala mbwa, kwani tumeshaona kinachojificha pale. Ukimaliza, osha kwanza kwa sabuni kuondoa vijidudu, kisha jitoharishe kama sharia inavyoelekeza. Kwenye ufafanuzi wa masuala haya mwulize sheikh wako.

Tukumbuke pia kwamba Qur'ani, katika Suratul Maida aya ya 4, imehalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na Mtume (s.a.w.) aliruhusu kuwaweka mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na ni yeye aliyetusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ukimfunga kiumbe kwa mnyororo ili akulinde usiku, wewe ndiye mkono wake na mdomo wake. Hawezi kwenda hospitali mwenyewe. Hata sheria za nchi zimelizingatia hilo: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese.

RATIBA NDOGO YA MWENYE MBWA

Kila siku: maji safi, kuzoa kinyesi, na jicho la dakika moja.

Kila wiki: mkague masikio, shingo, tumbo na vidole. Osha banda kwa maji ya moto na sabuni, ulianike juani.

Kila mwezi au kama ilivyoelekezwa: dawa ya kupe na viroboto.

Kila mwaka: chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mdogo huanzia umri wa miezi mitatu. Uliza ofisi ya mifugo kuhusu kampeni za chanjo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Tunza cheti mahali pamoja na vyeti vya watoto.

Ndugu msomaji, leo jioni kabla hujamfungua mbwa wako, chukua tochi. Mtazame masikio, mtazame tumbo, mtazame na mchanga anaolalia. Kisha geuka utazame na kamba yako ya nguo iko wapi. Ukiyafanya hayo mawili tu, utakuwa umemkinga yeye, na umewakinga wanao.

Wabillahi tawfiq.